MADOA YA MAJI JUU YA RANGI YA MOTOKAA

Napenda kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na mabwana waliopita shule hii kabla yetu, habari ya jambo dogo ambalo watu wengi hulidharau. Nataka kusimulia juu ya madoa meupe yanayobaki kwenye rangi ya motokaa baada ya kuoshwa: yanatoka wapi, na jinsi ya kuyaondoa bila ya kuiharibu rangi yenyewe. Huenda mmoja wenu akacheka akasema, "Mwanafunzi ana nini na motokaa? Hana hata baiskeli." Ni kweli, sina. Lakini mjomba wangu alikuwa nayo, na madoa hayo yalikaribia kumnyima binti yake nafasi ya masomo.

Kwanza yafaa tujue doa hilo ni kitu gani. Wengi hudhani ni uchafu, au ni sabuni iliyobaki, ndiyo maana husugua kwa nguvu. Si uchafu, wala si sabuni. Ni jiwe. Maji ya mvua yanapoanguka hayana kitu ila hewa kidogo. Yakiingia ardhini huchukua hewa ya kaboni iliyomo udongoni, yakapata ukali mdogo wa asidi, na kwa ukali huo huyeyusha sehemu ndogo ya miamba yanamopita. Hata yakichotwa kisimani yamekwisha beba kalsiamu na magnesiamu, ingawa kwa macho ni meupe kabisa. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Wataalamu huupima ugumu wake kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo chokaa ya mawe: maji yenye chini ya miligramu 60 katika lita moja ni laini, na yakipita 180 ni magumu sana.

Tone la maji magumu likikauka juu ya bati la gari, maji huenda zake angani, lakini jiwe haliwezi kuruka. Hubaki pale pale, tena hukusanyika zaidi ukingoni mwa tone, ndiyo sababu doa huwa na umbo la pete. Ni jambo lile lile lionekanalo ndani ya birika la chai la miaka mingi, ambalo chini yake pana ukoko mweupe mgumu. Watu wa pwani, Mombasa na Unguja, wanaufahamu sana ukoko huo, kwa kuwa visima vyao vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, ambalo karibu lote ni chokaa.

Kwetu ni Ajia, katika wilaya ya Arua, upande wa West Nile. Miamba yetu si matumbawe. Ni miamba ya kale sana, jamii ya graniti, na maji yake hayalingani. Kisima hiki huwa kigumu, na kile cha jirani huwa laini. Tena miamba ya namna hii hutia katika maji kitu kingine kiitwacho silika, ambacho ni jamii ya mchanga na kioo. Na pampu za mkono zenye mabomba ya chuma mara nyingi hutoa maji yenye kutu, ambayo huacha doa la rangi ya hudhurungi badala ya jeupe. Kwa hiyo mwenye gari aweza kuwa na madoa ya namna tatu kwa wakati mmoja, asijue.

Njia ya kuyajua maji magumu ni rahisi. Chukua chupa mbili zilizo sawa. Moja utie maji ya mvua na nyingine maji ya kisima. Katika kila moja tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, kisha tikisa. Maji laini hutoa povu jingi mara moja, lakini maji magumu hutoa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na povu huja kwa shida. Usitumie sabuni ya unga, maana hiyo hutoa povu hata katika maji magumu, nayo itakudanganya. Kipimo hiki cha sabuni alikitumia Thomas Clark, mwalimu wa kemia wa Aberdeen huko Scotland, ambaye mwaka 1841 alipata hati ya njia yake ya kulainisha maji. Mimi nilikifanya nyumbani kwa chupa za soda, na watoto wa jirani walifurahi kana kwamba ni mchezo.

Sasa nije kwa mjomba wangu. Alikuwa na motokaa ya Toyota, rangi ya buluu ya giza, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika Japani. Ilikuwa ikimpatia riziki kwa kuchukua abiria na mizigo yao kati ya Ajia na mji wa Arua. Barabara zetu nyingi ni za udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi, tangu Desemba hata Machi, gari likienda na kurudi huwezi kuijua rangi yake. Basi kijana mmoja alikuwa akiliosha karibu kila siku saa sita mchana, kwa maji ya kisima cha pampu, kisha huliacha likauke lenyewe juani. Bati la rangi ya giza likikaa kwenye jua kali huweza kupita nyuzi 60 za joto. Tone halikai hapo dakika nyingi.

Januari ya mwaka 2024 mjomba aliamua kuliuza. Binti yake, ambaye kwetu ni dada yangu, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi, na ada ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mnunuzi alitoka Koboko, mtu wa biashara, mtaratibu wa maneno. Aliisikiliza injini akairidhia, akatazama magurudumu akayaridhia. Halafu akalizunguka gari lilipokuwa juani, akakunja uso.

"Mzee," akasema, "rangi hii imekufa. Boneti yote ina upele. Nitakata shilingi 1,500,000 za kupaka upya."

Mjomba akamjibu, "Bwana, unayotaka kukata ndiyo ada ya mwanangu."

"Naelewa, Mzee. Lakini nami nitalipa mpaka-rangi. Nitarudi Jumamosi ijayo, tuzungumze."

Zikabaki siku nane. Kama ilivyo desturi, mtu akipatwa na shida washauri huwa wengi. Karakana moja ya rangi mjini ilisema boneti na paa zipigwe msasa mpaka chini na kupakwa upya, kwa fedha ambazo mjomba hakuwa nazo. Yule kijana aliyekuwa akiosha alileta jivu na mchanga laini, kama tunavyosugua masufuria. Jirani mmoja alikuja na shauri la tatu, akalisema kwa sauti ya chini: gari lifutwe kwa mafuta siku ile ile mnunuzi atakapokuja. Na ni kweli, mafuta hujaza nafasi za doa, macho yasilione. Jua likipiga siku mbili tatu, au likioshwa kwa sabuni, madoa hurudi yote. Wakati huo mnunuzi angekuwa amekwisha fika Koboko.

Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mtu yule ameniita Mzee. Sitamfuta macho kwa mafuta." Ndipo akanigeukia mimi. "Mpwa wangu, ninyi mnasoma kemia shuleni. Hiyo kemia yenu yasemaje juu ya jambo hili?"

Nilimwambia yale niliyoyajua. Kwanza, mchanga na jivu visiguse gari. Motokaa za zamani, kama zile wazee wetu walizoziona katika miaka ya 1960, zilikuwa na rangi ambayo yenyewe ndiyo iliyopigwa na jua na mvua, na ilipochujuka ilisuguliwa mpaka ikang'aa tena. Motokaa nyingi za siku hizi zina rangi chini, na juu yake tabaka jembamba lisilo na rangi, mfano wa vanishi. Tabaka hilo ndilo liletalo mng'aro na kuikinga rangi. Unene wake kwa kawaida ni kama sehemu 40 au 50 za elfu za milimita moja, yaani ni jembamba kuliko unywele wa watu wengi. Mchanga huliparuza, na msasa huweza kulimaliza. Likikwisha halioti tena.

Pili, chokaa haina haja ya nguvu. Adui yake ni asidi, hata iliyo dhaifu. Siki ya dukani ni maji yenye asidi kiasi cha sehemu 5 katika 100. Ikiikuta chokaa, huigeuza kuwa chumvi iyeyukayo majini, na hewa ya kaboni hutoka katika vipovu. Ili mjomba asiniamini kwa maneno matupu, nilibandua kipande cha ukoko wa birika, nikakitia katika kijiko cha siki. Kikachemka pasipo moto. Mjomba akainama karibu, akasikiliza ule mchecheto, akasema, "Haya, twende dukani."

Tulinunua siki nyeupe chupa mbili, vitambaa laini vya pamba, mkebe mdogo wa dawa laini ya kung'arishia rangi, na nta ya gari. Jumla ilikuwa shilingi 38,000. Kazi yenyewe tuliifanya hivi.

Tuliamka alfajiri, gari likiwa baridi na limesimama chini ya mwembe. Kazi hii haifanywi juani, kwa sababu siki ikikauka juu ya rangi nayo huacha alama. Tukamwaga maji mengi juu ya gari bila ya kuligusa, ili vumbi lote lishuke. Vumbi letu jekundu ndani yake lina mchanga, na anayelifuta likiwa kavu anapiga msasa bila ya kujua. Baadaye tukaosha kwa maji ya sabuni, kutoka juu kwenda chini.

Palikuwa na shida ya maji. Mvua haikuwapo, na maji tuliyokuwa nayo ni yale yale ya kisima yaliyoleta madhara. Hapo pia darasa lilisaidia. Sehemu kubwa ya ugumu wa maji mengi huondoka yakichemshwa: hewa ya kaboni hutoka, na chokaa huanguka chini. Tukachemsha sufuria mbili kubwa, tukayaacha yapoe na kutulia, kisha tukayamimina pole pole, tukiacha mashapo meupe chini. Kuni ni ghali, kwa hiyo maji hayo tuliyatumia kwa kuchanganya siki na kwa suuza ya mwisho tu.

Tukachanganya siki na maji hayo sawa kwa sawa. Tulijaribu kwanza mahali padogo, chini ya mlango wa nyuma, tukangoja tuone kama rangi itabadilika. Haikubadilika. Basi tukalowesha kitambaa, tukakilaza juu ya madoa muda wa dakika moja au mbili, tukafuta bila ya kukandamiza, tukasuuza, tukaosha kwa maji ya sabuni ili siki isibaki, tukakausha mara ile ile kwa kitambaa kingine. Tulikwenda kipande kwa kipande, kila kipande upana wa karatasi ya gazeti. Yule kijana aliyeleta jivu ndiye aliyekuwa fundi kuliko sisi sote, maana mkono wake ulikuwa mwepesi, na alipoelewa sababu hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Siku ya kwanza sehemu kubwa ya pete nyeupe ziliondoka. Madoa ya hudhurungi yalibaki. Kwa hayo tulitumia maji ya ndimu yaliyochujwa, kwa sababu asidi ya ndimu huishika kutu vizuri zaidi kuliko siki. Tuliyarudia mara tatu, yakafifia mpaka mtu hayaoni ila akiambiwa. Mwenye kutumia ndimu asisahau kusuuza vizuri, kwani hunata.

Lakini juu ya paa na katikati ya boneti palibaki alama ambazo siki haikuziweza. Hapo nilijifunza kutumia ukucha. Ukipitisha ukucha pole pole na kuhisi kitu kimesimama juu ya rangi, hilo ni jiwe lililobaki, yamkini silika, ambayo siki haiiyeyushi. Ukihisi kishimo, basi jiwe limekwisha ondoka, nawe unatazama jeraha lake. Watu husema tone la maji ni kama kioo cha kukuza ambacho huikusanya miali ya jua na kuichoma rangi. Sababu ya kawaida ni nyingine. Tone linapopungua, vilivyomo ndani yake huzidi kuwa vikali, na bati la moto huvisaidia kula ile vanishi.

Yaliyosimama tuliyaondoa kwa dawa ya kung'arishia, kwa mkono, kwa kuzungusha polepole, siku mbili nzima. Dawa hiyo hula vanishi kidogo sana, ndiyo sababu hutumiwa baada ya siki kushindwa, si kabla. Vishimo vyembamba navyo vilisawazika. Siku ya tano tukapaka nta, gari likang'aa hata kuku wa mama mjomba akasimama kujitazama mlangoni.

Vilibaki vishimo vinne katika boneti, vikubwa kama mbegu za mtama. Yule kijana alitaka kuendelea kusugua. Mjomba akamzuia. "Tukivifuata mpaka chini," akasema, "tutampa mtu gari lisilo na ngozi. Viache."

Jumamosi mnunuzi alirudi. Alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti, akauliza limepakwa wapi. Mjomba akamweleza kuwa halikupakwa, akamwonyesha chupa za siki. Halafu, kabla hajaulizwa, akamshika mkono akampeleka mbele, akamwekea kidole juu ya kila kishimo: kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Mimi moyo ulinidunda. Nilihesabu fedha za ada kichwani, nikaona zinaondoka.

Mnunuzi akanyamaza. Kisha akasema, "Mzee, hivi vinne nisingeviona. Kama umenionyesha hivi, basi na injini uliyoniambia ni nzima, ni nzima." Akakata shilingi 200,000, si 1,500,000. Wakapeana mikono. Dada yangu aliingia chuoni pamoja na wenzake.

Ndugu wasomaji, kuondoa madoa ni kazi. Kuyazuia si kazi. Oshea gari kivulini, asubuhi au jioni. Usiache maji yakauke yenyewe. Futa mara moja kwa kitambaa safi, maana tone lililofutwa huondoka pamoja na jiwe lake. Wakati wa mvua kinga maji ya paani, uyaweke kwa suuza ya mwisho. Paka nta mara kwa mara, ili matone yateleze. Tena usilipeleke gari mtoni kuoshwa. Kingo za mito zinalindwa na sheria, na wako watu wanaochota maji ya kunywa chini ya pale unapomwaga mafuta na sabuni.

Na wewe mwanafunzi unayelalamika kwamba somo la chokaa na asidi halina faida ila katika mtihani, nenda nyumbani utazame birika la mama yako, na kioo cha dirisha, na gari la mtu wa jirani. Somo lipo hapo, linangoja mtu wa kulitumia.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini yakimwagika juu ya motokaa, yafutwe kabla hayajakauka.